Akida Aliyejenga Lango la Jaa

Ndugu zangu mnaofanya kazi Chang'ombe, ninyi mnaoshuka kwenye daladala alfajiri mkaingia mageti ya viwanda, maghala na ofisi kandokando ya Barabara ya Nyerere, tegeni masikio. Leo nahubiri mtaro.

Mnaufahamu. Unapita mbele ya geti lenu, kati ya ukuta na lami, na kila asubuhi mnauruka mkiwa mmegeuza uso, maana mkiutazama chai haitashuka. Leo utazameni. Juu yametuama maji meusi, yamefunikwa na oili chafu inayomeremeta kama upinde wa mvua. Chini yake kuna kandambili ya mguu mmoja, pampasi iliyovimba kama mto wa kulalia, kifuu cha dafu, na vimifuko vya karanga vilivyogandana mpaka huwezi kuvihesabu. Chupa za maji ni chache. Waokota makopo walishapita, Mungu awabariki. Chini kabisa ni mchanga. Mchanga ndiye mwenye mtaro siku hizi. Maji ni mpangaji tu, na masika akikosa chumba anakuja kulala kwako.

Mwaka mmoja niliitwa kuwaombea wafanyakazi wa kampuni moja, jina nalihifadhi, waliotoka kujitolea Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Fulana mpya, kofia mpya, bango, spika kubwa. Na nisiwasingizie: walifanya kazi! Dada mmoja wa uhasibu aliingia mtaroni mpaka magotini, na buti za kuazima, akachota tope kwa koleo karibu saa mbili bila kuuliza supu iko wapi. Huyo simsemi kwa lolote ila heri. Tope lile likarundikwa ukingoni. Saa nne supu ikafika, picha zikapigwa, mabasi yakaondoka. Gari la kubeba tope? Hakuna aliyeliagiza. Lilikauka palepale, likakanyagwa, watoto wakalichezea, na mvua za vuli ziliposhuka likarudi mtaroni kama mtu anayerudi kwao.

Siku hiyohiyo tulipanda miche ya mwarobaini. Juni, jamani! Masika imekwisha Mei, na Dar es Salaam hii mvua ya maana ni mpaka Oktoba. Nani aliachiwa ndoo ya kumwagilia? Mwezi uliofuata niling'oa mche mmoja uliokauka, nikakuta mizizi imejikunja ndani ya kiriba. Aliyeupanda hakukipasua. Aliuzika na sanda yake, akatabasamu mbele ya kamera.

Sasa fungueni Nehemia, sura ya tatu. Wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina magumu, na hata sisi wahubiri tunaikwepa. Isomeni polepole. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, na walioshika mawe wengi si waashi. Kuna wafua dhahabu. Kuna mtengeneza marhamu, mtu wa mikono laini anayenukia vizuri. Kuna wafanyabiashara. Kuna Shalumu, aliyekuja kazini na binti zake. Wote hawa wana kazi zao zinazowalisha, hapa wamejitolea. Na angalieni wanajenga wapi: baadhi yao wanajenga palipoelekea nyumba zao. Hawakukodi mabasi kwenda kujenga ukuta wa mtaa usiowahusu na kurudi kabla ya jua kali. Siku hamsini na mbili, kazi ikaisha.

Halafu yuko Malkiya mwana wa Rekabu. Huyu alikuwa akida wa mtaa, mkubwa mwenye watu chini yake. Malango yalikuwa mengi. Lipo lango la samaki, lipo la chemchemi, yote ya kupendeza kutaja. Malkiya alichukua lango la jaa. Mkubwa mzima, lango la kutolea taka za mji! Akalijenga, akasimamisha milango yake, akatia makomeo. Sura hiyohiyo inawataja wakubwa wa Tekoa, ambao shingo zao zilikuwa ngumu kuinama kazini. Majina yao hayamo. La Malkiya limo, na leo linasomwa Chang'ombe.

Bosi uliyeko ghorofani kwenye kiyoyozi, umesikia? Hatukuhitaji hotuba yako ya ufunguzi. Tunahitaji mikono yako miwili kwenye toroli.

Ndugu zangu Waislamu, hapa mnatutangulia, maana Mtume wenu alifundisha kwamba kuondoa udhia njiani kumo katika matawi ya imani. Kama kuna udhia njiani unaozidi ule wa mbele ya geti lenu, nionyesheni. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba habari ya mtaro ni ya bwana afya na mkandarasi wa taka. Ni habari ya msikitini na kanisani.

Wala si ngeni kwetu. Wazee wetu walipoitwa kwenye msaragambo walikuja na majembe yao wenyewe. Na tarehe 9 Desemba 2015, Rais John Magufuli alifuta shamrashamra za Uhuru, akaagiza nchi nzima ifanye usafi. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia jijini tangu Agosti. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka kwa mikono kule Feri, jirani na soko la samaki. Baadaye ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, maduka yakawa yanafungwa asubuhi, watu wanafagia. Enyi wana wa Chang'ombe, Jumamosi ile imekwenda wapi? Kalenda inayo bado, mara kumi na mbili kwa mwaka. Sisi ndio tunaolala mpaka saa tatu. Tulipoambiwa mwisho wa mifuko ya rambo ni tarehe 1 Juni 2019, tuliweza, tena kwa wiki chache. Basi msiniambie hatuwezi.

Lakini nataka niseme jambo ambalo waratibu wa shughuli hizi hawapendi kulisikia. Kibarua analipwa kwa siku. Jumamosi yake ndiyo unga wa Jumapili. Ukimwita ajitolee huku msimamizi anapiga tiki kwenye daftari la mahudhurio, hukumwita kujitolea, umemkata mshahara. Mlipe siku yake, au umwache akatafute. Anayepaswa kujitolea kwanza ni yule ambaye mshahara wake hautapungua.

Na jambo la pili, hili ni zito, nawaomba mlipokee kwa moyo. Ninyi mko ndani ya geti. Mkaguzi wa mazingira anakuja mara moja na faili, anaonyeshwa anachoonyeshwa. Nyinyi mnajua bomba lipi linafunguliwa mvua ikianza, ili maji ya mvua yafiche rangi. Mnajua oili chafu ya karakana inamwagwa wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na Katiba, ibara ya 27, imemwekea kila mmoja wetu wajibu wa kulinda maliasili. Hapakuandikwa “isipokuwa wafanyakazi wa zamu ya usiku”. Ukizoa chupa nje Jumamosi, na Jumatatu ukafungua koki ya sumu kwa sababu umeagizwa, umefagia sebule ukakojoa jikoni. Semeni! Semeni kwenye kikao, kupitia chama chenu cha wafanyakazi, semeni mkiwa wengi ili asionekane mmoja.

Maana maji yanayotoka kwetu hayapotei. Yanashuka kuitafuta bahari, na kati yetu na bahari kuna watu. Kuna Keko, kuna fundi anayeranda vitanda barazani, mvua ikinyesha anapandisha mbao juu ya mbao. Kuna mama lishe ambaye meko yake yako hatua mbili kutoka ukingoni. Mnakula kwake mchana! Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua watu wasiopungua 40, na wengi wetu tuliona maji yalivyopita mabondeni na vitanda vya watu.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa moja asubuhi, tukutane. Fulana yoyote, hata ile iliyotoboka. Mje na koleo, reki, na buti zenu wenyewe. Kila kampuni ishike mtaro wake, kuanzia geti lake mpaka kalavati linalofuata, na mwezi ujao mtaro uleule, na mwezi mwingine tena. Miche isubiri mvua. Atakayepanda aje na wembe wa kupasulia kiriba, aandike jina lake kwenye kijiti, na aeleze mbele ya wenzake ndoo ya Januari ataibeba nani.

Na gari la tope liwepo kabla ya koleo la kwanza kuingia majini. Limelipiwa mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, dereva ameshaonana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, turubai liko juu. Gari lisipofika hatuchimbi. Tutakaa ukingoni, mabosi kwa vibarua, na kuunusa mtaro mpaka lifike.