Kukuza Injini ya Motakaa ya Kale

Atokaye Mbinga kushukia Mbamba Bay aujua mteremko ule: apandaye hutamani nguvu, ashukaye hutamani breki. Nimeikumbuka njia hiyo kwa sababu ya swali la wapendao motakaa za kale: je, injini ikichoka, irudishwe ya kipimo kile kile, au itiwe iliyo kubwa zaidi?

Twaa Porsche 911 ya zamani, ambayo injini yake hupozwa kwa upepo wa feni na kwa mafuta, si kwa maji. Zile za 1964 zilikuwa za lita 2. Kufikia 1973 kiwanda kilikuwa kimefika lita 2.7. Basi kuongeza si kuwadharau waliotangulia, kwa maana wao wenyewe waliongeza. Lakini hawakukuza injini peke yake. Magurudumu ya nyuma yalipanuliwa, na mafuta yakapewa kipoza kingine mbele, kwani nguvu huzaa joto.

Tena ukubwa haushindi daima. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1974, Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6; Björn Waldegård, mwenye Porsche 911, akawa wa pili.

Mtu hujiambia kwamba motakaa ni yake, na hatari ni yake. Si kweli. Mkewe aketiye kando hakuulizwa, wala mtoto avukaye njia akitoka kisimani. Kwa hiyo, fedha yake ikitosha injini isitoshe breki, na arudishe ile ya lita 2.