Askari wa Mti Asimame Wapi?

Kuna swali linaloonekana dogo mpaka ulitazame vizuri: je, ni vema kumfundisha mtoto wa nyumbani kuchonga na kupaka rangi askari wadogo wa mti, wale wa kuchezea mezani? Sanamu za pango la Noeli hazileti ubishi. Mchungaji na kondoo wake, kila mzazi hufurahi kuwaona mikononi mwa mtoto. Lakini askari? Tena hapa Lubutu?

Nataja Lubutu kwa sababu. Mwishoni mwa mwaka 1996 na mwanzoni mwa 1997 wakimbizi maelfu kwa maelfu walikaa Tingi-Tingi, karibu nasi, na vita vikawafuata huko huko. Katika majeshi ya siku zile walikuwamo watoto wenye bunduki. Watu wakawaita kadogo. Basi mama anayemnyang'anya mtoto askari wa mti na kumtupa motoni, mimi simcheki. Ana haki ya kuogopa.

Hata hivyo sikubali kwamba moto ndio jibu. Jirani zetu Walega, upande wa Pangi na Shabunda, katika chama chao cha Bwami walitumia sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu kufundishia watu wazima tabia njema. Nyingine zilionyesha mtu mbaya kabisa! Lakini sanamu ilikwenda pamoja na maneno yake: mkubwa aliionyesha na methali yake, na mwenye kufundishwa akajua kama ni mtu wa kuigwa au wa kuepukwa. Mambo mengine ya chama hicho siyagusi. Nachukua hili moja tu, maana sanamu isiyosemewa neno humwacha mtoto aamue peke yake.

Sasa tuje kwenye kazi. Mjomba na mpwa wake wakae chini pamoja. Mti laini uchongwe, kisha upakwe pemba nyeupe ili rangi ishike. Rangi yenyewe iwe nyepesi, ipakwe mara mbili. Nzito huziba uso, macho yakapotea. Mtoto atataka kumaliza upesi, na mkono wake utateleza. Usimnyang'anye brashi. Ukimmalizia wewe, askari ni wako, na somo pia ni lako.

Hubaki kibao cha kumsimamishia, nacho wengi hukidharau: ulimbo kidogo, mchanga juu yake, basi, imekwisha. Mimi naona hapo ndipo penye kazi yote. Muulize mtoto: huyu anasimama wapi? Akisema njiani, aweke udongo mwekundu wa barabara ya Walikale. Akisema shambani, muulize: shamba la nani? Mihogo imekwisha kung'olewa, au anaikanyaga? Hapo mtoto hunyamaza kidogo. Yule askari aliyekuwa kama ananing'inia hewani, mzuri, vifungo vinang'aa, sasa amepata mwenye shamba mbele yake, na labda mwenye shamba ni nyanya. Kuna watoto ambao huomba kipande kingine cha mti wamchonge nyanya naye.

Sisemi kwamba dawa hii huponya kila kitu. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea askari wadogo, Little Wars, na humo akaeleza kwamba mchezo huo humfunulia mtu jinsi vita vya kweli vilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata vita vikubwa vya Ulaya vilianza vile vile. Wachezaji wa mezani hawakuvizuia, wala sidhani wajomba wa Lubutu wangeweza kuzuia vya 1996.

Mtu ataniuliza: na mtoto akitaka tu askari wake ashinde? Ashinde. Lakini kibao kibaki chini ya miguu yake, mihogo ionekane imelala, na anayecheza naye amuulize nani atamlipa nyanya.