Madhabahu, Hema na Kisima
(Mwanzo 26:12-33)



Watu wengi wa mlimani Kilimanjaro wameacha kwao, maana vihamba vya baba zao, kwa kugawanywa kizazi hata kizazi, vimekuwa vidogo mno. Hushuka tambarare, hufyeka pori na kujenga nyumba mpya. Huko hakuna kivuli cha migomba, wala mfereji upitao karibu na mlango. Na jirani ni mtu ambaye ukoo wake haujulikani. Mtu ahamaye hivyo hujiuliza: Nianze na kazi gani?

Na tumtazame Isaka. Abimeleki alimwambia aondoke, naye akapiga hema katika bonde la Gerari. Visima vya baba yake vilikuwa vimefukiwa. Akavichimbua, akaviita kwa majina yale yale ya kwanza. Kisha watumishi wake wakachimba kisima kipya, na wachungaji wa Gerari wakayagombania maji. Akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho kikagombaniwa. Akakiita Sitna, yaani uadui. Je, Isaka alikuwa dhaifu? Sivyo, alikuwa na watu wengi na mali nyingi. Lakini aliondoka, akachimba cha tatu, nacho hakikugombaniwa. Jina lake Rehobothi, yaani nafasi.

Tena, alipopanda Beer-sheba, angalieni utaratibu wa kazi yake: kwanza alijenga madhabahu, kisha akapiga hema, ndipo watumishi wakachimba kisima. Sisi hugeuza mambo. Twasema, "Nyumba ikiisha kuezekwa na mavuno yakiingia, ndipo nitakapolitafuta kanisa." Miaka hupita, na watoto hukua bila kujua kusali. Ndugu, sala ya jioni haingoji bati; kibanda cha nyasi chaitosha.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la mkate wa kila siku, alihesabu humo nyumba, shamba na mifugo. Akahesabu pia majirani waaminifu. Basi, aliyepata shamba akampoteza jirani, amepoteza sehemu ya mkate wake.

Wachagga hupanda masale mipakani mwa vihamba. Na jani lilo hilo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa, kuomba msamaha. Wewe uliyehamia, umekwisha kupanda masale mpakani kwako. Je, u tayari kuchuma jani moja, umpelekee jirani mliyegombana naye kwa ajili ya maji?

Abimeleki mwenyewe mwishowe alimjia Isaka. Wakala pamoja, wakaapiana, wakaachana kwa amani. Na siku ile ile watumishi wakaleta habari ya kuwa maji yameonekana.

Bwana Yesu, ambaye hapa duniani hakuwa na nyumba yake mwenyewe, na akae katika nyumba zenu mpya. Amina.