Kuongeza Ili Kupunguza

Je, sauti ya mtu aliyekufa ina haki yoyote juu yetu? Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia sebuleni kwangu, Tunduma, kwa sababu ya mashine ambayo hakuna aliyenituma kuinunua.

Baba alifanya kazi Kitwe, Zambia. Barua zilimshinda, kwa hiyo alikuwa anajirekodi kwenye kaseti na kumkabidhi mtu anayepanda treni ya TAZARA kuja huku. Imebaki moja tu, ya mwaka 1988. Salamu, bei ya mahindi, nani amelipa deni na nani bado, halafu mwishoni anamwita mama kwa jina lake la utotoni.

Nyumbani nina hom thieta: risiva, spika tano na sabufa. Kwa sinema haina mpinzani; helikopta inakupitia juu ya kichwa kabisa. Mama alipokuja kunitembelea kutoka Mbozi, niliunganisha deki nikamwekea kaseti ile. Baba akaongea kutoka kila pembe ya chumba, sabufa ikimpa kifua cha mtangazaji. Mama alisikiliza kidogo, akaweka kikombe chini.

"Huyo anahubiri," alisema. "Baba yenu hakuwa mtu wa kuhubiri."

Kweli bwana. Risiva ilikuwa imechukua sauti iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja ndogo na kuisambaza kwenye spika zote, maana ndivyo nilivyoiacha iwe.

Ndipo nikaanza kutafuta priampu ya stereo. Kazi yake ukiieleza ni ndogo: inachagua chanzo cha sauti, inapandisha au kushusha kiwango, kisha inaikabidhi kwa amplifaya inayosukuma spika mbili, kushoto na kulia. Kama ina njia ya kupitishia hom thieta, sinema inaendelea kama zamani: sauti ya spika mbili za mbele inatoka kwenye risiva na kupita tu, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Ukitaka kaseti au muziki, risiva inalala. Unaongeza boksi ili kupunguza mikono inayoishika sauti. Wazo hilo nililipenda kama mtu anavyopenda methali.

Priampu na amplifaya yake nilizilipia kwa pesa ya kahawa ya mama, aliyonipa nimtunzie kwa ajili ya bati. Nilijiambia ni kwa ajili yake.

Fundi alipomaliza kufunga waya, alichukua rimoti ya risiva. "Hii umewahi kuibonyeza, kaka?" Kilikuwa kitufe cha kuzima madoido yote. Alikibonyeza. Spika za nyuma zikanyamaza, sabufa ikanyamaza, na baba akasimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu. Maana sauti moja ikitoka pande zote mbili kwa nguvu sawa, sikio huiweka katikati. Kisha fundi akahamia kwenye priampu, tukarudia kaseti.

Mama hakuona tofauti. "Wote hao ni baba yenu," alisema. Mimi niliiona: pumzi anayovuta kabla ya kutaja jina la mama. Au nilidhani nimeiona. Sikio lililolipa lina deni. Lazima lisikie kitu.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Naamini marehemu ana haki moja juu yetu: asivalishwe kifua kisicho chake. Haki hiyo ililipwa na kitufe, bure. Yaliyozidi hapo yalikuwa mapenzi yangu kwa mashine. Kupenda mashine si dhambi. Kosa langu ni kuyaita mapenzi hayo kwa jina la baba, tena kwa pesa ya mama. Mimi nilimsema risiva kwa kuongeza kisichokuwepo, kumbe nami nilikuwa naongeza.

Jioni ile nilimwambia ukweli. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Bati utaanza kununua lini, baba?"

Nanunua mbili mbili kila mwezi. Zimefika nane. Mvua huku zinaanza Novemba, na priampu bado sijaiuza.