Ushauri wa Mwalimu Wangu

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 18:13–24, Danieli 1:3–16, Mithali 12:15.

Je, mtu aliyetufungulia mlango wa elimu ana haki pia ya kutuchagulia mlango wa kazi?

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wangu wa hesabu, ambaye hakuwa Mwadventista, alinipa mashauri ninayoyatumia hadi leo. Soma swali mara mbili kabla ya kushika kalamu. Usione haya kuuliza. Usiandike jibu tu. Onyesha na njia, ili anayesahihisha akufuate. Bila yeye nisingefaulu.

Nilipomaliza shule alinitafutia kazi ya ukarani. Kazi ile ilidai niwepo kila Jumamosi. Akaniambia, “Mwanangu, vumilia miaka miwili tu. Ukishasimama, utaitunza Sabato yako.” Alisema kwa upendo, kwa kuwa alijua baba yangu amefariki na mdogo wangu anasubiri ada.

Nilikataa. Mdogo wangu akakaa nyumbani mwaka mzima. Sitaki kuifunika gharama hiyo kwa ushuhuda mtamu, maana aliyeilipa zaidi hakuwa mimi.

Biblia haitufundishi kuwadharau washauri. Mithali inamhesabu kuwa mwenye hekima yule anayesikiliza shauri. Musa, aliyesema na Mungu, alimsikiliza mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, akagawa kazi ya uamuzi kwa wengine. Lakini liangalie fungu la 23. Yethro mwenyewe anaweka sharti: Musa afanye hivyo ikiwa Mungu anamwagiza. Mshauri mwema haketi katika kiti cha Mungu. Hutoa hekima yake, kisha huiweka chini ya neno lililo kuu kuliko lake.

Danieli naye hakuikataa shule ya Babeli. Alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo. Alichokataa ni chakula cha mfalme. Lakini alikataaje? Aliomba. Mkuu wa matowashi alipoeleza kwamba anahofia kichwa chake, Danieli hakuipuuza hofu hiyo. Alimwendea msimamizi na pendekezo la kujaribiwa siku 10.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Sikumwomba mwalimu wangu tutafute pamoja njia nyingine, wala kwenda naye kwa mwajiri kuomba siku mbadala. Nilimhubiria mbele ya walimu wenzake kana kwamba ni adui wa imani. Nilikuwa sahihi juu ya Sabato, nikakosea juu ya mwalimu wangu.

Miaka mingi baadaye nilimwendea kumwomba radhi. Alicheka, akasema, “Siku ile ulinipa jibu, hukunionyesha njia.”

Basi, utii kwa Mungu haututoi katika deni la shukrani kwa waliotulea. Tunaweza kukataa shauri moja huku tukimheshimu aliyelitoa, na kumshirikisha katika kutafuta mlango ulio halali.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni shauri gani la mlezi wako ulilolipokea, na lipi ulilolikataa? Ulilikataa kwa namna gani?

2. Uaminifu wa mmoja unapowagharimu wengine nyumbani, kanisa lenu lina wajibu gani kwao? Taja jambo moja mnaloweza kulifanya juma hili.