Nani Ahesabiwe Kuwa Anajua? Fikra za Magharibi juu ya Maendeleo na Mfano wa Kongwa

Tarehe 20 Januari 1949, Rais Harry Truman wa Marekani, akihutubia siku ya kuapishwa kwake, aliahidi kwamba sayansi na ufundi wa nchi yake vitatumika kuyainua maeneo aliyoyaita yenye maendeleo duni, na kwa kauli hiyo watu wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, ambao hawakufanana kwa historia, dini wala namna ya kujipatia riziki, wakatiwa katika kundi moja la wenye kupungukiwa. Wahakiki wa baada ya ukoloni, yaani wanazuoni wanaochunguza jinsi fikra za utawala wa kikoloni zinavyodumu hata bendera ya mtawala ikishashushwa, wameipa hotuba hiyo uzito mkubwa. Msingi wa hoja yao ni swali la epistemolojia, tawi la falsafa linalouliza ujuzi ni nini na nani anastahili kuhesabiwa kuwa anao.

Fikra yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko Truman, nayo iliendelea baada yake. Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliiweka Afrika nje ya historia ya ulimwengu, na mwaka 1960 mwanauchumi W. W. Rostow aliyapanga mataifa yote katika hatua tano za kukua, huku kilele kikiwa jamii inayofanana sana na Marekani ya wakati wake. Hatari ya mpango wa namna hii ni kwamba watu wanaoishi leo hugeuzwa kuwa mfano wa jana ya wengine, na mtu akishawekwa jana, anachokijua huonekana kuwa mabaki yanayosubiri kuondolewa, wala hakuna anayekichukua kama ushahidi.

Hayo yalionekana wazi Kongwa, katika Tanganyika ya kati, ambako Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1947 mpango wa kulima karanga ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kupikia uliofuata Vita Kuu ya Pili. Kwa tathmini ya wataalamu waliozunguka nchi kwa wiki chache tu mwaka 1946, ziliazimiwa zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo kadhaa. Kongwa imo Ugogo, nchi ya Wagogo yenye msimu mmoja wa mvua, nayo mvua hiyo huweza kunyesha kwenye shamba moja ikaliruka la jirani, na Wagogo walikuwa wameyajenga maisha yao juu ya ukweli huo: walipanda mtama na uwele unaostahimili ukame, waliwategemea ng'ombe mazao yakikosekana, na mifugo yenyewe waliigawa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame au maradhi ya mahali pamoja yasiwamalize wote. Huo ulikuwa ujuzi kamili wa kukabili hatari, uliopimwa kwa njaa nyingi, lakini katika hesabu za London haukuwa na safu yake. Matingatinga yalivunjika kwenye mizizi na visiki, mvua ikakosekana, na udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu hata karanga zikashindwa kung'olewa. Mpango ulipoachwa Januari 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea, na sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe.

Mwanahistoria Walter Rodney, katika kitabu alichokiandika akiwa Dar es Salaam na kukichapisha mwaka 1972, alieleza kwa nguvu jinsi Ulaya ilivyoinyonya Afrika, na hoja yake kuhusu mali ingali imara. Hata hivyo, unyonyaji wa mali peke yake hautoshi kueleza kilichotokea katika mkoa wa Dodoma, ambamo Kongwa imo, baada ya uhuru. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na Operesheni Vijiji iliyoenea nchi nzima kuanzia 1973, ziliendeshwa na serikali ya Waafrika iliyokusudia usawa kwa dhati, tena chini ya kiongozi aliyekuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe. Lakini wafugaji na wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika kwa sababu walizozijua wao. Ngazi ya Rostow ilikuwa imepata wapandaji wapya, na jambo hili linauma zaidi kuliko kosa la mgeni.

Haifuati kwamba kila desturi ya wenyeji ni sahihi, kwani njaa iliwahi kuwashinda Wagogo pia, na sayansi ya udongo ingeweza kuwasaidia kama ingekwenda kwao kwa kuuliza. Kinachodaiwa ni kwamba neno la mkulima lipimwe kwa mizani ileile inayopima neno la mtaalamu. Mpango wowote wa ardhi, uwe umeandikwa Washington au Dodoma, usioonyesha wenyeji waliulizwa nini, walijibu nini na jibu lao lilibadilisha nini, haujakamilika kitaalamu, na wenye mamlaka ya kuidhinisha fedha wanapaswa kuurudisha kwa waandishi wake.