Haki ya Waliokufa Wakiwahudumia Wagonjwa

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Maida, inatufundisha kwamba mwenye kuuokoa uhai wa mtu mmoja ni kama aliyeuokoa uhai wa watu wote. Twaisoma aya hii mara nyingi. Lakini wako watu walioitekeleza kwa vitendo mpaka wakatoa roho zao, nao ni waganga na wauguzi waliokufa kwa maradhi ya korona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba, tangu Januari 2020 hadi Mei 2021, watumishi wa afya baina ya 80,000 na 180,000 walifariki kwa maradhi hayo. Hao waliijua hatari kuliko sisi sote, na kila asubuhi walirudi kazini.

Bibi Aisha r.a. alipomwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. juu ya tauni, Mtume alieleza kwamba mtu akaaye mjini mwake kwa subira, akitaraji thawabu na akijua kuwa halimpati ila lile aliloandikiwa na Mwenyezi Mungu, hupata ujira mfano wa ujira wa shahidi. Basi ikiwa aliyekaa tu kwa subira ana ujira huo, si zaidi yule aliyekesha kando ya kitanda cha mgonjwa asiyemjua?

Lakini, ndugu wasomaji, hapa yatupasa kujihadhari. Ni rahisi kusema kwamba wamekufa mashahidi na kwamba hiyo ndiyo kadari, kisha tukanyamaza kana kwamba hatudaiwi kitu. Hayo siyo mafundisho ya Islam.

Sayidna Umar r.a. alipokuwa safarini kwenda Sham, alipata habari mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi. Abu Ubaida r.a., aliyekuwa amiri wa jeshi la Sham, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu. Maana yake, kinga nayo imo katika kadari. Abu Ubaida alirudi kwa askari wake, na tauni ilipozidi hakukubali kuwaacha. Je, Umar alisema, mwacheni afe shahidi? La! Wanahistoria wanasimulia kwamba alimwandikia barua kumwita atoke, na alipokataa, akamwagiza awapeleke watu kwenye nchi ya juu yenye hewa safi. Abu Ubaida alifariki kwa tauni hiyo ya Amwas, lakini kiongozi wake alikwisha timiza wajibu wake.

Sasa tujipime kwa mizani hiyo. Katika Machi 2020 daktari Mwislamu wa Uingereza, Abdul Mabud Chowdhury, alimwandikia Waziri Mkuu hadharani akiomba kila mtumishi wa afya apewe mavazi ya kujikinga. Tarehe 8 Aprili 2020 alifariki kwa korona. Huko Kenya, Desemba 2020, alifariki daktari kijana wa miaka 28, Stephen Mogusu, na wenzake walieleza kwamba alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Nasi tumepokea mafundisho ya Mtume s.a.w. kwamba mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka! Jasho la kijana huyu lilikauka, na mwili wake ukapoa.

Kwa hiyo heshima ya wafu hawa si maneno matamu wala makofi ya dirishani. Ni kuwalea mayatima wao na kuwatazama wajane wao. Ni kuwalipa walio hai haki yao kwa wakati, na kuwasikiliza wanapoomba kinga. Nasi wagonjwa tunao wajibu wetu: tumweleze muuguzi ukweli wa maradhi yetu, tusimfiche jambo likamdhuru, wala tusimtukane kwa dawa iliyokosekana ambayo si yeye aliyeizuia.

Shahidi amekwisha pata malipo yake kwa Mola wake. Deni lililobaki ni letu, na tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa wakiwahudumia viumbe Vyake, awape subira jamaa zao, na atuwezeshe kulipa deni hili kabla hatujaitwa mbele Yake. Amin.